Baiskeli Unayoniulizia

Mpendwa mdogo wangu Yusufu,

Hilo neno "mpendwa" limeandikwa na mkono kwa mazoea tu, na nilipoliona nilitaka kulikata. Nimeliacha. Karatasi ni shida siku hizi, na isitoshe sijui ningeweka neno gani mahali pake.

Mama Furaha, yule Mkongomani anayeuza vitenge hapa Kawempe, amerudi kutoka kwao na kuniambia kwamba amekuona. Anasema u mzima, umenenepa kidogo, na kwamba ulimkirimu kwa chakula. Ameleta salamu zako. Umemsalimu Mama, umenisalimu mimi, halafu ukamuuliza kama ile baiskeli bado ipo. Nilimuuliza mara mbili kama hukutaja jambo lingine, naye akasema ni hilo tu. Serikali mliyoitumikia imeanguka, wakubwa wako wamekimbia, wanajeshi wamevua sare na kutupa bunduki vichakani, watu wanazunguka mji mzima wakitafuta ndugu zao waliochukuliwa, na wewe unaulizia baiskeli.

Erisa, mume wa Solome, hajarudi. Ndiyo sababu ya kukuandikia, wala usidhani nimeshika kalamu kwa kuwa nimekukumbuka. Barua hii nitampa Mama Furaha mkononi bila bahasha. Akitaka kuisoma aisome, na atakayemsimamisha njiani naye aisome. Tumenong'ona miaka mingi katika nchi hii, hata ndani ya nyumba zetu wenyewe, na mimi nimechoka.

Lakini kwanza nataka ukumbuke ulikotoka. Unaikumbuka kambi ya polisi? Baba alikuwa akifunga kamba za viatu aende misa, Mama akikunja mkeka wake wa kuswalia, na hakuna aliyemsumbua mwenzake. Watoto wa kambini tulitoka kila pembe ya kaskazini, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, tukagombana nacho na kupatana nacho. Baba alikuwa na baiskeli nyeusi ya kiume, ndefu. Nikikaa juu ya kiti miguu haikufika kwenye pedeli, kwa hiyo nilipitisha mguu ndani ya fremu nikaendesha hivyo hivyo, mwili umepinda upande. Wazee wa kambini walimwambia Baba kwamba msichana haendeshi baiskeli, ataharibika. Baba akawajibu kwamba anayemwonea huruma ni baiskeli, maana huyu binti hana breki.

Jumamosi Mama alitutuma Ggaba, kando ya ziwa, kununua samaki aina ya ngege. Wewe ulikaa nyuma kwenye karia, miguu umeitanua isiingie kwenye spoku, umeshika gauni langu kwa ngumi mbili. Kazi yako ilikuwa kutazama nyuma, kwa sababu mimi nikigeuza shingo tu baiskeli ilitupeleka mtaroni. Ulikuwa ukiniambia lori linakuja, liko mbali, sasa limekaribia, sasa pembeni Dada. Hukuwahi kunidanganya hata mara moja. Wakati wa kurudi samaki walining'inia kwenye usukani, kilima kikatushinda, tukashuka na kusukuma. Siku moja ulinung'unika kwamba samaki wamekufa lakini wanapanda baiskeli, na sisi tulio hai tunatembea. Nilicheka mpaka nikakaa chini barabarani. Watu waliokuwa wakipita walifikiri nimegongwa.

Baba alipostaafu tukahamia Kawempe, kwenye kile kiwanja kidogo, katikati ya Waganda ambao mwanzoni walituita watoto wa askari. Solome ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kwetu. Alikuja kuazima chumvi, akarudi kesho yake kuazima chumvi tena, mpaka Mama akamwambia akitaka kucheza aje tu, chumvi aiache. Yeye hakutaka kujifunza kuendesha, ila alipenda kubebwa, amekaa upande mmoja kama bibi harusi. Wewe ulikasirika kwa sababu kiti chako kimechukuliwa. Alikuwa akikupa muwa ili unyamaze, na ulinyamaza. Ulikula miwa ya Solome utoto wako wote, Yusufu.

Baba alipokuwa mgonjwa alisema mbele yetu sote kwamba baiskeli ni yangu. Nikaiacha kwako nilipokwenda Kenya kusomea ukunga. Nilimaliza masomo, nikapata kazi huko, miaka ikapita. Nyumba yetu sisi wauguzi ilikuwa ndani ya uzio wa hospitali, hatua chache kutoka wodini, na sikugusa pedeli muda wote huo. Nilinenepa. Nikawa mtu wa kupanda basi hata kwenda sokoni.

Ndipo ukanitumia ujumbe kwa dereva wa basi. Ulisema madaktari wameondoka, wauguzi wameondoka, wanawake wa Kawempe wanajifungua bila mtu wa kuwashika mkono, nirudi nyumbani. Ukaongeza kwamba baiskeli yangu unaitia mafuta na inanisubiri. Wenzangu kazini walisema nimerukwa na akili, kwa sababu walikuwa wakiwaona watu wa kwetu wakiingia Kenya na vifurushi vyao kichwani, na mimi nafungasha kuelekea huko wanakotoka. Niliwaambia ndugu yangu yuko kule, hawezi kuniita nije kuungua.

Ulinipokea kituoni na gari. Miwani myeusi, suruali pana chini, viatu vya kisigino kirefu. Nilikutania kwamba umekuwa mrefu ukubwani. Nilipouliza unafanya kazi gani, ulisema ya ofisini, ukabadilisha mazungumzo. Njiani niliona watu wamepanga foleni ya sukari, foleni ya chumvi, na magari yaliyoishiwa petroli yamesukumwa kando ya barabara. Lako lilikuwa na petroli. Hilo nililiona, na nilichofanya ni kufurahi kwamba sitatembea kwa miguu na masanduku yangu.

Asubuhi yake uliileta baiskeli kwetu. Ulikuwa umebadilisha kifuniko cha mnyororo, mafundi wa Katwe wamekikata kutoka kwenye debe la mafuta ya kupikia, maandishi mekundu bado yanasomeka, na kila pedeli ikizunguka kinagonga. Ulisema, "Ni yako, Dada. Mimi sasa nina gari. Endesha wewe." Nikakushika mkono kwa mikono yangu miwili, nikakushukuru.

Siku ya kwanza nilidhani nitakufa. Mapaja yaliwaka, pumzi ilikata kabla sijafika hata barabara kuu, na watoto walinipita wakikimbia. Siku zilizofuata mwili ukakumbuka. Nilijua tena mahali pa kuinuka kwenye kiti na mahali pa kuiacha baiskeli ijiendee yenyewe. Barabara zilikuwa tupu kwa sababu ya petroli, na wanaume wazima wenye tai walikuwa wameyaacha magari yao nyumbani na kurudi kwenye baiskeli, wanayumba, wanaona haya. Mimi sikuona haya. Nilikuwa nimerudi nyumbani, nina kazi kwenye zahanati, nina miguu yangu. Nakiri nilikuwa na furaha, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Nikaanza kuzunguka kuwasalimu watu. Nilikuwa nimeleta sabuni kutoka Kenya, miche mizima, nimeikata vipande nikavifunga kwenye magazeti. Wakati ule mtu aliyekuletea sabuni alikuwa amekuletea sikukuu. Nilikwenda kwa mwalimu aliyetufundisha hesabu, nikaegemeza baiskeli ukutani kama mgeni yeyote, nikabisha hodi. Mkewe alifungua, akanitazama, kisha akatazama ukuta. Hakuniambia niketi. Watoto walivutwa ndani. Nikaulizia mwalimu, akasema hayupo. Nikampa sabuni. Akaikataa, Yusufu. Alikuwa amevaa gauni lililofuliwa kwa majani ya mpapai, na akaikataa sabuni.

Nilikwenda nyumba nyingine, mambo yakawa yale yale. Hakuna chai. Hakuna kiti. Katika nyumba moja nilimsikia mwenye nyumba akitokea mlango wa nyuma, kisha migomba ikatikisika alimopita. Nilirudi kwetu nimekasirika. Nilimwambia Mama kwamba watu hawa wamekuwa na kiburi, wananiona Mkenya. Baadaye nikafikiri labda ni kabila letu, maana wanajeshi wengi walikuwa watu wa kwetu kaskazini, na labda wanatutia wote kapu moja. Nilikueleza hayo. Ulikuja jioni na nyama, ukaketi, ukanisikiliza mpaka mwisho, ukasema watu wa Kawempe wana wivu tu.

Kisha nikamzalisha mama mmoja pale zahanati, mtoto wa kike, mzito, mwenye kelele. Baada ya siku chache nikapanda baiskeli kwenda kumtazama nyumbani kwake. Nilipofika nilikuta mlango wazi na sufuria mekoni, maharage yanachemka, na hakuna mtu. Nilimwita. Nikazunguka nyuma nikaona kanga ya mtoto imedondoka kwenye njia inayoshuka kwenye matete ya kinamasi. Mzazi ambaye kidonda chake bado kibichi alikuwa amekimbia majini na kichanga chake, kwa sababu alinisikia nakuja. Kile kifuniko chako cha debe kilisikika kutoka mbali. Nikaisukuma baiskeli kwa mkono mpaka kwa Solome, kwa sababu yeye peke yake nilijua hataweza kunidanganya.

Sikuwa nimekwenda kwake tangu nirudi. Nilipouliza habari zake mliniambia amehamia kwa wazazi wa mumewe, wewe na Mama, na Mama alisema hivyo kwa sababu ndivyo ulivyomwambia. Hakuwa amehama. Alikuwa kwenye nyumba ile ile, amekonda, anachambua maharage kizingitini. Nilipokaribia ukuta akasimama.

"Hiyo baisikeli usiweke kwa nyumba yangu," akasema. Hakuinua sauti. "Ndugu yako alikuja na hiyo. Aliweka hapo kwa ukuta, akakunywa chai yangu, akacheka na Erisa. Akaenda. Jua ilikuwa bado kuzama, gari ikakuja. Haikuuliza nyumba ya nani. Ilisimama tu pale baisikeli ilikuwa imesimama."

Nililaza baiskeli barabarani, nikaenda kuketi chini mbele yake. Akanieleza nyumba nyingine. Mwalimu wetu wa hesabu. Mtu wa mashine ya kusaga. Kijana wa kanisani aliyekuwa akipiga chapa kwenye ofisi ya serikali. Ulikuwa ukipita kusalimu, unaegemeza baiskeli ukutani upande wa barabara, unakunywa chai, unauliza hali za watoto, unaondoka. Ambaye kwake uliketi mchana, jioni hakuwepo. Watu walielewa haraka kuliko mnavyodhani, wakawa wanaisikia ile sauti ya debe wanazima moto na kutoka nyuma. Kisha ukapewa gari, wakadhani angalau baiskeli wameachana nayo. Ndipo nikatokea mimi juu yake, natabasamu, na vipande vya sabuni.

Nilikuja kwako siku ile ile. Unajua nilikuja. Nilikukuta kwenye nyumba yako ya kilimani, ukaniletea soda, nikaikataa. Nikakuuliza. Wewe ulinitazama usoni ukasema, "Dada, mimi nilikuwa natembelea watu. Kama kuna walionifuata nyuma, mimi ningejuaje?"

Wewe, ambaye utoto mzima hapakuwa na gari lililotujia kwa nyuma usilione.

Na bado nilikuamini. Nataka uelewe jinsi nilivyofanya bidii kukuamini. Nilijiambia walikutumia, kijana mpenda watu, wakakufuata kimyakimya, na ulipogundua ulikuwa umeshanaswa. Nilikwenda kwa Solome nikamwambia hivyo hivyo: hakujua, walimfuata. Alinipa kiti, hilo tu, na aliendelea kunipa kiti kila nilipokwenda. Nikaifungia baiskeli stoo. Nikawa mkunga wa miguu, begi begani, viatu vinaisha upande mmoja kwa sababu ya vilima. Wanawake walianza kunikubali polepole, mmoja leo, mwingine mwezi ujao, kwa sababu nilikuja bila kelele na mikono yangu waliihitaji. Mahali pengine nilichelewa. Kwa miguu utachelewa tu, na baadhi ya niliowachelewea wamezikwa. Sikukulaumu kwa hao pia. Nilisema ni petroli, ni vita, ni nchi.

Sasa nikueleze kilichotokea juzi. Mama Furaha alipoleta salamu zako, Mama alikuwa ameketi uani anasikiliza. Unajua anavyokupenda. Aliposikia umeulizia baiskeli alianza kucheka, kicheko kile cha zamani ambacho sikuwa nimekisikia tangu mkimbie. Akasema, Yusufu na baiskeli yake, alikuwa na adabu nayo kupita kiasi. Nikamuuliza adabu gani. Akasema wakati mimi niko Kenya ulikuwa ukija kulala nyumbani, na hukuiegemeza baiskeli kwenye ukuta wetu hata siku moja. Ulikuwa unailaza chini kwenye migomba, mbali, huko ambako haionekani barabarani. Yeye alidhani unaogopa kuchafua lipu yake mpya.

Akaendelea, huku anajifuta machozi ya kicheko. Siku moja ilinyesha, akaona baiskeli ya marehemu Baba inaloa, akaiinua mwenyewe akaiegemeza ukutani chini ya paa. Wewe ulikuwa unakula. Ulisikia lile debe likigonga ukuta, ukatoka mbio, huna viatu, mkono una ugali, ukaikamata na kuitupa kwenye matope ya migomba. Ukamwambia asiiguse tena. Halafu ukasimama kwenye mvua unatazama barabara, na hukurudi ndani mpaka chakula kikapoa.

Mama alisema, "Alinifokea kidogo, lakini alikuwa anajali ukuta wangu."

Sikumwambia kitu. Ni mzee na anakungoja. Niliingia ndani nikalala kitandani na viatu vyangu. Yusufu, nimekuwa nikikutafutia pa kutokea kwa miaka, kila ukuta niliusukuma nione kama una mlango, na Mama ameuziba wa mwisho huku anacheka. Ulijua. Ulijua maana ya baiskeli ile ukutani, ulijua kabisa, na ulijua gari lile linavyoweza kukosea na kumchukua mtu usiyemtaka. Kwa Mama ulikimbia bila viatu. Kwa Solome, aliyekulisha miwa, uliiegemeza ukaomba na sukari kwenye chai. Kisha ukanipa mimi niiendeshe, ukanitazama nikikushukuru. Ulinirudisha kutoka Kenya na kunikalisha juu ya kitu ambacho watu wa kwetu walikuwa wanakikimbia, na nilipolalamika ukaniambia wana wivu.

Jana nilikwenda kwa Solome. Nilimweleza yote aliyosema Mama, na nikamwambia yale maneno yangu ya kwamba hukujua nayafuta, asiyahesabu tena. Nilidhani atalia, lakini aliyelia ni mimi.

"Mimi nilijua siku ile ile," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe ujue."

Hakutaka pole yangu. Hataki urudi, hataki upigwe, hataki hata jina lako litajwe mbele ya watoto. Anataka mahali. Wamefungua magereza, amekwenda kote, amesimama kwenye milango akisoma nyuso za wanaotoka, na Erisa hakuwemo. Anajua amekufa. Anataka kujua alipolazwa, kama ni msitu ni msitu gani, kama ni mtoni ni daraja lipi, ili ukoo wa mumewe wamalize matanga ambayo hawawezi kuyaanza. Wewe uliketi ofisini na wale waliomchukua. Hata kama hukumgusa, uliwasikia wakizungumza. Andika jina la mahali, neno moja, mpe Mama Furaha atalileta.

Baiskeli ipo. Nimeitoa stoo leo, nimeng'oa kile kifuniko cha debe kwa nyundo, na kesho nitaiendesha kwenda kazini, kwa sababu kuna wanawake wanaokaa mbali na mimi nimechoka kuwachelewea. Wengine watakimbia. Nitasimama barabarani na kuwaita kwa majina yao mpaka watoke, na nitafanya hivyo kila siku mpaka wazoee. Usiiulizie tena.

Jambo la mwisho. Solome aliniuliza kama najua unakokaa. Hakuna kitu kilichowahi kuniwia kizito hivyo, maana kuonyesha nyumba ya mtu ndiyo kazi uliyokuwa ukiifanya wewe. Nilimtazama, nikamtajia mji alionieleza Mama Furaha, nikamtajia na mtaa. Nilisema kwa sauti ya kawaida, mlango ukiwa wazi.

Kaa salama, kama utaweza.

Mimi, dada yako wa tumbo moja.